Wati za Kwenye Boksi Haziimbi

Boom limetoka, na kama kawaida kila ukipita koridoni unakuta boksi jipya la sabufa nje ya mlango wa mtu. Sina ugomvi na burudani, mtu akikesha na pepa ana haki ya kusikiliza muziki. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyochagua. Tunanunua kwa macho: taa zinazowaka waka, koni inayoruka, na namba kubwa kwenye boksi. Masikio tunayaacha hosteli. Na hela yenyewe ni ya mkopo jamani! Tukipata ajira, Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara. Kama nitazilipia spika mpaka niote mvi, basi angalau ziwe zinasema kweli.

Hoja yangu ni moja. Kwa mwanafunzi anayeunga unga, spika mbili ndogo za boksi la mbao, zile za kukaa juu ya meza au rafu ya vitabu, hata zikiwa za mtumba, ni bora kuliko sabufa mpya ya bei hiyo hiyo. Na kipimo cha kuchagulia sio besi. Ni sauti ya mtu.

Tuanze na hizo wati. Ukiona boksi limeandikwa PMPO, ujue hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua, na hakuna kanuni moja ya kuipima, kwa hiyo mwenye kiwanda anaweza kuandika karibu anachotaka. Namba ya kutafuta ni RMS, nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Ujanja rahisi: igeuze nyuma usome inakula umeme kiasi gani. Kama inakula wati 40 kutoka ukutani, haiwezi kutoa wati 5000 mfululizo, labda ndani wamefichamo Bwawa la Mtera.

Halafu wati hazifanyi kazi kama tunavyodhani. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, sikio linagundua lakini halishtuki. Ili usikie kama sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara 10. Kwa hiyo angalia spika inatoa desibeli ngapi ikipewa wati 1, ukiwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 88 ukiipa wati 10 inafika 98. Kwa chumba cha hosteli hiyo ni kelele ya kuitiwa mlinzi.

Sasa kwa nini sauti ya mtu? Kwa sababu ndiyo tunayoijua kuliko zote. Simu za zamani zilibeba mawimbi ya kuanzia hezi 300 mpaka 3400 tu, na bado ulimtambua mama kwa neno la kwanza. Spika ikikosea hapo katikati, sikio linaikamata hapo hapo. BBC walilijua hilo. Miaka ya 1970 walihitaji spika ya kuingia kwenye magari ya matangazo ya nje, wakabuni LS3/5A, kaboksi ka urefu wa sentimita 30 hivi. Haitikisi dirisha, ila mtangazaji akiongea unamsikia alivyo. Leo inauzwa bei ambayo boom haliigusi, lakini wazo lake ni la bure.

Sabufa nyingi za bei ya chini zinaanguka hapo hapo. Vile vispika vya pembeni ni vya plastiki, kila kimoja na koni moja ndogo isiyoweza kushuka chini. Inabidi wufa ipande juu kuokota maneno, na haikutengenezwa kwa maneno. Matokeo yake mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya pipa.

Ukienda Kariakoo au kwa fundi wa mtumba, beba nyimbo zako mwenyewe, usikubali ule wimbo mmoja wa muuzaji. Mwambie azime vikorombwezo vyote vya kuongeza besi. Anza na mtu anayeongea, taarifa ya habari inatosha: herufi “s” inachoma? Sauti inatokea puani? Kisha weka dansi la zamani, mfano Mbaraka Mwinshehe. Gitaa la solo na la rithim uyasikie kama magitaa mawili, sio uji. Na ufumbe macho, sitanii. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive wa Harman walichapisha utafiti ambapo watu walisikiliza spika zile zile, mara wakiziona na mara zikiwa zimefichwa. Alama zilibadilika! Na miongoni mwao walikuwemo watu waliozoea kusikiliza, sembuse sisi.

Za mtumba zina mambo yake. Bonyeza koni taratibu pande zote sawa, ikikwaruza, acha. Ule mpira unaoizunguka ukiwa wa sponji huoza na miaka, unabadilishwa, ila piga hesabu ya fundi kabla ya kulipa. Zote mbili ziwe za aina moja. Soma omu zilizoandikwa nyuma zilingane na amplifaya, maana amplifaya ya omu 8 ukiifungia spika za omu 4 inaweza kuungua.

Ukifika chumbani, zitenganishe. Wewe na spika mbili muwe pembetatu yenye pande sawa, twita usawa wa masikio. Usizisukumie kwenye kona, besi itavimba.

Najua mtakachosema. Sabufa ina USB, redio, rimoti na Bluetooth humo humo, wakati spika za mtumba zinadai amplifaya, ambayo ni hela nyingine. Kweli. Na kama unapigia watu sherehe, singeli bila besi ni msiba, nunua sabufa kwa amani. Lakini chumbani besi nzito inapenya ukuta kuliko kitu chochote. Jirani mwenye pepa kesho hapati wimbo, anapata “dum dum” tu.

Kwa sisi wa Education naona kuna la zaidi. Tunaenda kusimama mbele ya madarasa yaliyojaa, na mtoto wa dawati la nyuma anatakiwa asikie kama umesema “kula” au “kura”. Siku ukiwachezea wanafunzi rekodi kwa mashine ya “dum dum”, wa mbele watabahatisha na wa nyuma watachora. Mwalimu anayejua maneno yanapotelea wapi atajua pia cha kununua, hata kwa hela kidogo ya shule.

Naomba kutoa hoja.