NYUMBA NI NINI, NA ARDHI TUPU NI IPI?



Nataka kusema neno juu ya jambo ambalo sisi watumishi wa ofisini hulipiga chapa, hulitia muhuri na kulibandika ubaoni, wala hatulifikiri. Nalo ni ile sehemu ya mwanzo ya kila sheria ya mji, iitwayo “Tafsiri”. Wengi huiruka, wakakimbilia ada na adhabu. Mimi nasema adhabu yenyewe imo humo. Wahenga walinena, asiyejua maana haambiwi maana. Lakini katika mambo ya ardhi, asiyejua maana huambiwa hama.

Tuanze na nyumba. Mwaka 1914 Wadachi waliugawa mji wa Dar es Salaam sehemu tatu kwa amri ya ujenzi, na Waingereza walipoishika nchi waliuendeleza mgawo huo. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya nyumba za kukaa za namna ya Kizungu; ya pili, ya kukaa pamoja na biashara; ya tatu, ya nyumba za kienyeji. Yatazameni maneno hayo kwa makini. Tanganyika ilikuwa nchi ya amana, iliyokabidhiwa Uingereza na Shirikisho la Mataifa, na kuandika waziwazi kwamba mtu wa rangi fulani asikae mahali fulani kungalileta maswali. Basi hawakuandika watu. Waliandika kuta na mapaa. Mwafrika hakukatazwa kwa jina lake. Ilikatazwa nyumba ya fito na udongo, ile aliyoweza kuijenga kwa mshahara aliopewa. Karani Mwafrika wa siku zile, wa jamii ya wale waliounda chama cha watumishi Tanga mwaka 1922 pamoja na Martin Kayamba, aliweza kuinakili kanuni hiyo kwa mwandiko mzuri asubuhi, na jioni kanuni ile ile ikamrudisha sehemu ya tatu. Raia hawakudanganyika. Mitaa waliiita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na majina hayo yangali vinywani mwa watu hata leo.

Mtu wa Lushoto atasema: hayo ni ya pwani, sisi wa milimani yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwani kwetu tafsiri haikuanza na nyumba, ilianza na ardhi. Mwaka 1895 amri ya Kaisari ilisema kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Je, ni nani aliyepewa kazi ya kusema ipi haina mwenyewe? Mshambaa hupanda migomba karibu na nyumba yake, hulima mahindi mbali kidogo, na konde lililochoka huliacha lipumzike. Machoni pa mwenyewe konde hilo li kazini, lajirudishia nguvu. Machoni pa mgeni ni pori. Kwa neno moja, akiba ya mkulima iligeuka kuwa ardhi tupu, na ardhi tupu ikapimwa kuwa shamba la mlowezi au msitu wa Serikali.

Mtu asidhani kwamba jambo hili limezikwa pamoja na Wadachi. Mwaka 1999 Bunge letu lilipitisha sheria mbili za ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, ilihesabu kuwa ya kijiji hata ardhi iliyopumzishwa katika miaka 12 kabla ya sheria hiyo, na njia za kupitishia mifugo pia. Hapo mkulima alisikilizwa. Lakini Sheria ya Ardhi, Na. 4, ilipotoa maana ya ardhi ya jumla, iliongeza maneno machache: kwamba humo imo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Dada yake haikuyaandika maneno hayo. Basi konde moja laweza kuwa la kijiji katika kitabu kimoja, na katika kitabu cha pili likawa nje ya mikono ya kijiji. Ni mwaka 1895 umerudi kwa mlango wa nyuma.

Sasa miji inakua, na chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 eneo laweza kutangazwa kuwa la kupangwa. Fikirini mji wa mama mmoja mjane katika mabonde yetu. Ndani analala na watoto. Barazani ipo cherehani yake. Nyuma ana mbuzi wawili. Kandoni ipo migomba na kahawa. Je, hayo ni makazi, biashara, zizi au shamba? Kwake ni kitu kimoja, na ndicho kimlishacho. Ramani ina rangi moja tu ya kumpa. Ikimwagwa rangi ya makazi, mambo matatu katika manne yageuka kuwa makosa, naye hajaongeza tofali wala kupunguza mgomba.

Najua watakaojibu kwamba pasipo tafsiri mji utakuwa vurugu, na kiwanda cha ngozi kitajengwa mlangoni pa shule. Ni kweli, nami sipingi. Katika milima hii mvua huporomosha udongo, na mwenye kujenga juu ya genge huhatarisha aliye chini yake. Sheria na imkataze. Lakini sheria njema huuliza jengo lamdhuru nani, kwa moto, kwa maji machafu au kwa maporomoko. Haiulizi jengo lafanana na la nani.

Basi naomba matatu. Kwanza, konde linalopumzika lihesabiwe kuwa linatumika, na maneno yale ya mwaka 1999 yafutwe. Pili, nyumba ipewe maana kwa kazi na hatari yake, na mji wa mkulima ukubaliwe kuwa matumizi kamili yenye jina lake. Tatu, mwaka 2021 Bunge liliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria; basi tafsiri za maneno zisomwe katika mkutano wa kijiji kabla ramani haijapakwa rangi, wazee na akina mama waulizwe kama neno lafanana na kitu.

Nasi watumishi tuwe wa kwanza kuuliza, kwa kuwa kalamu imo mikononi mwetu. Jiwe la mpaka likihamishwa usiku, kijiji kizima hupiga yowe. Neno likihamishwa ofisini mchana, nani atapiga yowe kama si sisi tuliolipiga chapa?

Ni mimi mtumishi mwenzenu,
KARANI WA MILIMANI
Lushoto