Shanta Mgongoni: Ziara Yetu Ianzie Nyumbani

Wahenga walinena, tembea uone. Hawakunena, panda basi usinzie. Nimeanza hivyo makusudi, mpenzi msomaji, kwa sababu nina neno na Chama chetu cha Kiswahili, na neno lenyewe linahusu ziara ya kila mwaka.

Kila mwaka mambo ni yale yale. Muhula wa pili ukianza, tangazo hubandikwa ubaoni: ziara ya Mombasa! Watu hushangilia. Kisha hutajwa kiasi cha pesa, na kelele hupungua. Wenye nacho hulipa. Wasio nacho huanza kutoa visababu: mmoja ati huumwa na kichwa akisafiri mbali, mwingine ati amekwisha kuiona bahari wala haina jipya. Aliyesema bahari haina jipya ni mimi. Ukweli ni kwamba sijaiona hata siku moja. Baba alikuwa amemaliza kulipa karo wiki ile ile, nami sikuwa na uso wa kumwomba pesa nyingine. Basi lilipoondoka usiku wa manane, zaidi ya nusu ya chama tulibaki nyuma.

Wenzetu waliporudi nilimwuliza rafiki yangu aliyekuwa ameketi dirishani, "Uliona nini njiani?"

"Njiani?" akashangaa. "Njiani nililala, bwana. Niliamkia Mtito Andei."

Lo! Yaani alipita Elementaita, akapita Naivasha, akapandishwa ukuta wote wa Bonde la Ufa mpaka Limuru, macho yamefumba. Watu huvuka bahari kuja kuutazama ukuta huo. Sisi tunaupita tukikoroma.

Sasa nisikilizeni. Likizo ya Agosti iliyopita kaka yangu mkubwa aliniambia nitie nguo mbili, blanketi na chupa ya maji ndani ya shanta, tunakwenda kumjulia hali shangazi kule Marigat. Kwa kawaida mtu hupanda matatu hapa Nakuru na kushuka Marigat baada ya kilomita zipatazo 100, na mchezo umekwisha. Kaka akasema, "Safari hii hatuna haraka. Tutapanda kipande, tutembee kipande."

Tulipita Kabarak na Kampi ya Moto, tukashuka Mogotio kwenye mashamba ya mkonge. Karibu na hapo ndipo Ikweta inapoikata barabara. Nilisimama mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini nikajiona bwana wa dunia nzima. Lakini haukupita muda kabla sijaaibika.

Penye kibao cha Ikweta tuliwakuta Wazungu wawili, mvulana na msichana, shanta zao kubwa kama magunia ya viazi. Ni wale watalii ambao makanga hupenda kuwacheka: ati Wazungu gani hawa hawana hata gari? Yule msichana akaniuliza kwa Kiswahili cha kujikongoja, "Kilima kile kinaitwaje?" Nikamtazama kaka. Kaka akanitazama mimi. Mzaliwa wa Nakuru, mwanachama hodari wa Chama cha Kiswahili, nikakosa jibu.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya barabara. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akacheka mpaka akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Marahaba, wajukuu. Mmetoka Mombasa?"

"La, mzee, tumetoka Nakuru."

"Nakuru hii hapa?"

Basi mzee akatutajia vilima na miti, kimoja kimoja, kwa Kitugen kisha kwa Kiswahili, naye yule msichana akiandika kila neno katika kitabu chake. Mimi sikuwa na hata kalamu. Jambo hilo lilinichoma, na bado linanichoma.

Siku ya pili, baada ya chai ya shangazi, tulikwenda Ziwa Bogoria. Ziwa hili katika ramani za kikoloni liliitwa Hannington, kwa jina la askofu James Hannington aliyepita huko mwaka wa 1885. Nilitaka kutembea kwenye barabara ya kando ya ziwa mpaka kwenye chemchemi zinazotokota. Barabara ya zamani ilikuwepo. Ilishuka vizuri, ikapinda, kisha ikaingia majini. Ndiyo, ikaingia majini isionekane tena. Miti mikavu ilisimama humo ziwani kama watu waliosahauliwa. Tukaelekezwa njia nyingine ya juu, na kutoka huko tukawaona heroe wametanda ukingoni kama shuka la rangi ya waridi.

Darasani tulifundishwa kwamba tangu miaka ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamefurika kwa sababu ya mvua nyingi, na kwamba udongo unaosombwa kutoka milima iliyokatwa miti unayajaza. Tulifundishwa pia kwamba maji mengi yalipoingia Ziwa Nakuru chumvi ilipungua, chakula cha heroe kikapungua, nao wengi wakahama. Mtihani ulipokuja nilipata alama nzuri. Lakini maana ya kufurika niliijua nilipofika Kampi ya Samaki jioni ile, kwenye Ziwa Baringo. Mvuvi mmoja alinyosha kidole kuelekea majini akasema, "Unaiona ile miti? Nyuma yake ndipo nilipokuwa nimejenga." Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni dukani.

Tukirudi, nilikuwa nikiyawaza majina ya njia ile. Kampi ya Moto. Kampi ya Samaki. Ni majina ya Kiswahili katikati ya nchi isiyokuwa na Waswahili. Je, lugha hii ilifikaje huku? Haikuja kwa basi. Kabla reli haijafika Nakuru mwaka wa 1900, misafara ya kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa imekwisha kuzoea kupita Naivasha hadi Baringo. Wapagazi walibeba shanga, vitambaa na nyaya, mzigo wa kilo 30 hivi kwa kila mtu, na waliporudi walibeba pembe za ndovu. Kusini mwa Ziwa Baringo waliwakuta Wailchamus, waliokuwa wakilima kwa kumwagilia maji, wakanunua nafaka kwao na kupumzika. Vitabu humsifu Joseph Thomson, Mskoti aliyefika Baringo mwaka wa 1883. Sawa, asifiwe. Lakini aliandamana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe aliyezijua njia zile kabla yake, na mizigo yake ilibebwa na watu ambao wengi wao waliandikwa kazi Unguja.

Sitaki kuipaka asali safari hiyo. Wapagazi hawakuwa watalii. Miongoni mwao walikuwemo watumwa, na wengi walikufa njiani kwa njaa na maradhi. Hata hivyo, lugha hii tunayoitungia mashairi na kushindania vikombe ilipandishwa huku kwa miguu yao na kwa migongo yao. Ikiwa chama chochote katika shule hii kina deni kwa njia ile, basi ni chama chetu.

Ndiyo maana natoa shauri langu waziwazi. Mwaka ujao ziara yetu iwe ya maziwa, na iwe ya shanta. Si ya siku kumi. Siku mbili zatosha. Twende na mahindi, maharagwe na sufuria zetu. Tulale katika shule yoyote itakayokubali kutupokea. Kila mmoja awe na daftari, na kila atakapofika aulize: Hapa panaitwaje? Kwa nini? Kwa Kiswahili mwasemaje? Tukirudi, majibu hayo yaandikwe katika jarida hili.

Najua pingamizi zitakuja. Walimu watataja usalama, nami nakiri kwamba wana haki. Barabara kuu ya Nairobi si mahali pa kutembeza wanafunzi, kwa jinsi malori yanavyokimbizana. Mwaka wa 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu 7 katika korongo la Hell's Gate, mahali ambapo wengi wetu hupaona pa kujipigia picha tu. Ziwa Baringo lina mamba na viboko. Tena sehemu nyingine za Baringo zimeona wizi wa mifugo na umwagaji damu, na asiyealikwa na wenyeji asijitie ushujaa. Kwa hiyo tuanze karibu. Tupande Menengai hapa juu ya mji wetu. Twende Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimba mwaka wa 1937. Twende Kariandusi, karibu na Gilgil, tuone mashoka ya mawe ya watu wa kale, kisha tuteremke tukalitazame Ziwa Elementaita. Penye hatari tupande gari. Penye usalama tutembee, mchana, si msimu wa mvua, tukiwa na walimu wa kiume na wa kike pamoja na mwenyeji wa kutuongoza. Maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2011. Dunia nzima imekubali kuwa ni urithi wake. Je, sisi warithi wa kwanza tumewahi hata kwenda kuukagua?

Pingamizi la pili halitasemwa hadharani, litanong'onwa bwenini: ati kubeba shanta na kupika githeri kando ya njia ni umaskini. Jamani! Mzungu akifanya hivyo twasema anatalii. Mwenzetu akifanya twasema hana nauli. Ikiwa ni umaskini, basi ni umaskini unaotutosha wote, maana hakuna atakayebaki nyuma akitunga uongo kuhusu bahari.

Wa tatu watanikumbusha kwamba mtembezi hula miguu yake. Naam, kweli, nami nilirudi na malengelenge mawili ya kutosha. Lakini asiyetembea hula maneno ya wenzake, na mimi maneno hayo nimeyala miaka miwili, kila basi linaporudi kutoka Pwani.

Sisemi ziara ya Mombasa ifutwe. Mombasa ni mji wa lugha yetu, na siku moja nitaiona bahari hiyo niliyoisingizia. Ninachoomba ni kwamba tutakapofika huko na mwenyeji akatuuliza, "Kwenu kukoje?", tusimjibu kwamba kwetu tulipita tukiwa usingizini.

Katibu naomba aliandike jambo hili kwenye ajenda ya mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Mlezi wa chama naomba alipime bila kuliogopa. Wanachama wenzangu, hasa nyinyi mliobaki pamoja nami, naomba safari hii mzinyoshe juu kura zitakapopigwa. Sufuria nitabeba mimi.