Mzazi, kuku wa mwanao ameishije?

Chukulia mama wa watoto watatu anayeishi Manundu, mjini Korogwe. Nyuma ya nyumba ana banda la kuku wa nyama 200. Wametimiza wiki tano na mteja ameshaweka oda ya Jumamosi. Hela hiyo ndiyo ada ya mtoto wa pili.

Jumatano asubuhi anakuta kuku kadhaa wanakoroma na kuzubaa. Anakimbilia duka la dawa za mifugo, anauziwa antibayotiki ya unga na kuichanganya kwenye maji. Kufikia Ijumaa kuku wamechangamka. Sasa swali ni moja: Jumamosi auze, au asubiri?

Dawa hizo huwa na siku za kusubiri, zinazohesabiwa tangu dozi ya mwisho hadi kuchinja au kuuza mayai. Siku hizo huupa mwili wa kuku muda wa kuitoa dawa. Mama huyu akisubiri, kuku wataendelea kula chakula cha gharama na mteja anaweza kwenda kwingine. Akiuza, mabaki ya dawa yanaweza kufika kwenye sahani ya mtoto wa mwenzake.

Kupika vizuri huua vijidudu, lakini moto hauondoi kila mabaki ya dawa. Tena hatari haiishii jikoni. Kila dawa inapotumika ovyo bandani, bakteria dhaifu hufa na wale sugu husalia na kuzaliana. Wanaweza kumfikia binadamu kupitia nyama mbichi, kinyesi au mikono ya anayehudumia kuku. Baadhi ya dawa hizo, kama zile za kundi la tetrasaiklini, hutumika pia hospitalini. Ndiyo maana siku mtoto anapougua, dawa iliyotegemewa inaweza kugoma.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri wafugaji waache kuwapa mifugo wazima antibayotiki ili kuwakuza haraka au kuzuia magonjwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikwisha kupiga marufuku zile za kukuzia tangu 2006.

Lakini kwa nini kuku ahitaji dawa mara kwa mara? Mara nyingi jibu liko kwenye banda lenyewe. Kuku wakibanana, hewa ikiwa nzito na maranda yakilowa, ugonjwa wa mmoja huwa wa wote. Dawa hugeuka mbadala wa nafasi na usafi.

Hapo ndipo mjadala wa ufugaji wa kiwandani unapoingia. Ulaya, vizimba vya zamani vya kuku wa mayai, ambavyo kila kuku alikuwa na eneo dogo kuliko karatasi ya A4, vilipigwa marufuku mwaka 2012. Wanaotetea vizimba wana hoja: mayai hubaki safi, wizi hupungua na bei huwa nafuu. Kwa familia inayohesabu shilingi, yai la bei nafuu ni lishe ya mtoto. Wanaopinga wanasema unafuu huo hulipwa na kuku asiyeweza hata kunyoosha mbawa.

Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008. Inatambua kwamba mnyama ana hisia, na inataka atendewe kwa huruma. Msingi wa ustawi huo ni mambo matano: asipate njaa wala kiu, asikae kwa tabu, asiachwe na maumivu au ugonjwa, asiishi kwa hofu, na aweze kuishi kulingana na maumbile yake.

Wapo wanaosema dawa ni kurudi kwa kuku wa kienyeji, kama wale wa bibi kule Handeni wanaochakura uani kutwa nzima. Kweli, wana nafasi. Lakini mdondo ukiingia, uani hubaki manyoya, ilhali chanjo ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu ingewaokoa wengi. Na kuku huyohuyo aliyeishi huru anaweza kuumaliza uhai wake akining'inia kichwa chini kwenye bodaboda, juani, safari nzima hadi sokoni. Sheria inamhusu huyo pia.

Kwa anayefuga Korogwe au Handeni, kinga huanza kabla ya dawa: kuku wa nyama wasizidi 10 kwa mita moja ya mraba, hewa ipite, maranda yakauke, chanjo zifuatwe. Kuku wakiugua, aitwe ofisa mifugo kabla ya kununua dawa, na tarehe ya dozi ya mwisho iandikwe mlangoni mwa banda. Watoto wanaookota mayai wanawe mikono kwa sabuni.

Kwa anayenunua, maswali mawili yanatosha: kuku hawa walipewa dawa lini, na siku za kusubiri zimeisha?

Mama wa Manundu hawezi kubeba mzigo huu peke yake. Mteja anayesema "nitakuja Jumamosi ijayo" anamsaidia kulipa ada bila kuuza dawa ndani ya nyama. Mteja huyo anaweza kuwa wewe.