Kabla ya kuunganisha kompyuta, ulizeni 'beli' ni nini

Mzee wa stoo alikuwa akikatwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Nilipofika pale kwa atachimenti, katika kampuni ya kusambaza bidhaa za madukani ambayo sitaitaja, nilimkuta tayari ana sifa ya wizi wa unga. Hakuna aliyemwambia usoni, lakini hesabu ikipungua macho yote yalimwendea yeye.

Wewe unayesoma haya ukiwa na cheti cha kompyuta au uhasibu, na kazi bado hujapata, vumilia kidogo. Kisa hiki kinakuhusu.

Ukiwa umewahi kuuza duka unajua kuwa beli ya unga wa mahindi huwa kilo 24. Ikiwa ni ya pakiti za kilo mbili, ndani mna pakiti 12. Ikiwa ni ya pakiti za kilo moja, mna pakiti 24. Mzee alikuwa akipokea mzigo kutoka kwa lori na kuandika idadi ya pakiti kwenye programu ya stoo, maana karatasi za kiwanda zilihesabu hivyo. Wauzaji wa mitaani nao walikuwa na programu yao kwenye simu, na humo waliuza kwa beli. Usiku programu hizo mbili zilisomana: chukua beli, zidisha kwa 12, toa kwenye stoo. Kila beli, hata ile ya kilo moja.

Hebu piga hesabu. Beli kumi za kilo moja zikiuzwa, pakiti 240 zimetoka mlangoni lakini kompyuta imetoa 120 tu. Siku ya kuhesabu mali, kompyuta inadai kuna pakiti 120 zaidi ya zilizoko kwenye rafu. Nani amekula?

Hakuna aliyekula. Programu zote mbili zilikuwa nzima, mtandao ulikuwa poa, na ripoti ilifika kwa bosi kila asubuhi ikiwa na rangi za kupendeza. Aliyeng'amua tatizo hakuwa mtaalamu. Ni mzee mwenyewe, aliyeniuliza siku moja tukinywa chai: "Kijana wangu, hiyo kompyuta yenu inajua beli ziko aina mbili?" Nikaenda kuangalia. Haikujua.

Ndiyo sababu nasema kampuni zetu zimekimbilia kuunganisha mifumo kabla ya kukubaliana maana ya maneno. Siku hizi hata biashara ya wastani ina programu ya mauzo, ya stoo, ya mishahara, akaunti ya M-Pesa, na juu yake eTIMS ya KRA. Fundi analipwa kuzifanya zipeane data. Zinapeana kweli. Lakini nani amelipwa kuuliza kama neno lililotoka huku lina maana ileile likifika kule?

Chukua neno 'mteja'. Kwa muuzaji, mteja ni mwenye duka anayemsalimia kila Jumanne. Kwa mhasibu, ni yule anayedaiwa. Kwa M-Pesa, ni jina lililotokea kwenye ujumbe wa malipo, na mara nyingi jina hilo ni la mke, la kaka, au la kijana anayesaidia pale dukani. Halafu namba ya simu: mmoja ameiandika ikianza na 07, mwingine na +254, na Excel imeiona ni hesabu ikafuta sufuri ya mbele. Mtu mmoja amekuwa wateja watatu, mmoja wao ana deni, na anapigiwa simu ya vitisho kwa pesa alizolipa wiki mbili zilizopita.

Au neno 'mauzo'. Idara ya mauzo huhesabu oda ikishachukuliwa. Mhasibu husubiri ankara itoke. Mwenye kampuni, tuseme ukweli, huhesabu pesa zikiingia. Wote watatu wataleta namba tofauti mkutanoni na wote watakuwa wakisema kweli. Nimeketi kwenye mkutano wa aina hiyo. Ilichukua asubuhi nzima na watu wakaondoka wamenuniana.

Sisi Wakenya tungepaswa kulijua hili kuliko watu wengi. Mteja akisema mzigo uletwe saa mbili, karani akaandika 2:00, lori litafika saa nane mchana na duka limeshanunua kwingine. Wakulima wa viazi wamelia na lumbesa miaka nenda miaka rudi: 'gunia' la broka halikuwa gunia la mkulima, hadi kanuni za mwaka 2019 zikaagiza lisizidi kilo 50. Hata kwa kanuni hizo, vita vya lumbesa havijaisha, kwa sababu kuna anayefaidika neno likiwa na maana mbili. Maneno mengine hayaeleweki kwa bahati mbaya, mengine yameachwa hivyo kusudi.

Wala si ushamba wa Afrika. Mwezi Septemba 1999, NASA ya Marekani ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipofika Mihiri, kwa kuwa programu ya mkandarasi ilitoa vipimo vya msukumo kwa ratili ilhali ile ya NASA ilivisoma kama vya metriki. Namba zilipita kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila tatizo. Hazikuwa zikimaanisha kitu kimoja.

Najua kuna watakaosema dawa ni kununua mfumo mmoja mkubwa wa kila kitu. Mimi sikubali. Mfumo mmoja bado utajazwa na watu wenye lugha tofauti, na wakikosa nafasi ya kuandika wanachotaka watakipenyeza kwenye sehemu ya 'maoni'. Pia sioni haja ya kumlazimisha muuzaji atumie maana ya mhasibu. Kila mmoja ana sababu zake. Wape maneno tofauti tu: hii ni 'oda', hii ni 'ankara', hii ni 'pesa iliyoingia'. Kisha neno 'mauzo' tupu lisionekane kwenye ripoti yoyote.

Hapo ndipo kijana una nafasi. Kila mtu anajifunza Python, na ni vizuri. Lakini ukiajiriwa, wiki ya kwanza zunguka na daftari. Nenda stoo, kwa dereva, kwa mhasibu, umwulize kila mmoja: ukisema beli, mteja, imelipwa, unamaanisha nini hasa? Uliza kwa adabu, na uliza wale wanaoshika mzigo kwa mikono kabla ya wale wa ofisini. Andika majibu, weka tarehe, na uandike mwezi kwa jina, kwa sababu 03/04 kwetu ni Aprili na kwa programu iliyotoka Marekani ni Machi. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na maneno tisa tu kwenye ukurasa mmoja. 'Beli' ndilo lililokuwa na mistari mingi zaidi.

Baada ya hapo kizidisho kilirekebishwa na makato ya mzee yakasimamishwa. Zile alizokwisha kukatwa, hadi ninaondoka, tuliambiwa "zinashughulikiwa".

Kwa hivyo mwajiri, ukiwa unasoma haya, kabla hujagusa mshahara wa mtu kwa sababu kompyuta imesema mali imepungua, mwite yeye, muuzaji na mhasibu. Fungueni beli moja mezani mhesabu pamoja. Haitachukua hata nusu saa. Na mrudishie mzee pesa zake.