Mnaliimba Waridi, Mnalifyeka la Kwenu

Majuzi nilipewa rundo la mashairi ya vijana niyasome, wengi wao wa mikoa ya kati. Nikahesabu mawaridi mpaka nikachoka. Waridi la mapenzi, waridi la msiba, na asumini kwenye nywele za binti ambaye, kwa maelezo ya shairi lenyewe, anachota maji kisimani Manyoni. Jamani! Mshairi wa Lamu simgusi, asumini anaikanyaga kila siku akienda sokoni. Ugomvi wangu ni na sisi wa bara, tunaoazima bustani ya watu huku ya kwetu tunaipiga moto.

Kwetu ni Itigi, pale kwenye reli ya kati. Wataalamu wa mimea wanaijua Itigi kuliko Watanzania wengi wanavyoijua, kwa sababu ya vichaka vyake vilivyoshonana hata mbuzi anatafuta njia. Vichaka vya namna hiyo utavikuta tena upande wa Zambia, kati ya Ziwa Mweru Wantipa na Ziwa Tanganyika. Vya kwetu sehemu kubwa imeshafyekwa: mashamba, kuni, mkaa.

Mvua za mwisho wa mwaka zikishika, pembeni mwa pori hutambaa ua ambalo vitabu vinaliita Gloriosa superba. Halina mikono, linashika miti kwa ncha za majani yake. Petali zimekunjwa kurudi nyuma, zina mawimbi kingoni, zinaanza na kijani na njano halafu zinawaka nyekundu. Zimbabwe ni ua la taifa. Mwaka 1947 Elizabeth, kabla hajawa malkia, alipewa bizimu ya almasi yenye umbo lake, zawadi kutoka Rhodesia ya Kusini. Sisi ukituuliza jina tunajibu, "Hilo? Gugu tu."

Mimi ninalo uani. Nilikuta trekta linasafisha shamba la alizeti (sina neno na alizeti, inatulisha, ingawa nayo asili yake ni Amerika), nikaomba dakika kumi nichimbue viazi vyake kabla ya jembe. Hivyo ndivyo ninavyoshauri: okoa panapolimwa, au chuma mbegu tumba likipasuka. Usiende porini kung'oa penye uzima, utakuwa huna tofauti na mchoma mkaa. Kiazi kilaze ubavu, kama vidole vinne chini, udongo usiotuamisha maji, na kijiti cha kupandia. Ukianza na mbegu, jiandae kusubiri miaka miwili au mitatu.

Jirani akaniambia eti nimeleta pori nyumbani. Mwingine akasema ni sumu. Huyu wa pili ana hoja, wala sitamficha mtu: mmea wote ni sumu, kiazi ndicho hatari zaidi, na kimeshaua watu waliodhani ni chakula. Mwenye mtoto anayetambaa asubiri akue. Mimi nimezungushia uzio, na kila nikimaliza kupalilia nanawa mikono. Lakini huyo huyo jirani ua wake wote ni minyaa, utomvu wake ukikuingia jichoni utalia wiki nzima, na sijamsikia akiuogopa. Kinachomsumbua si sumu. Ni kwamba ua hili halikununuliwa kwenye kitalu cha mjini, halikuja na kopo.

Na washairi ni vivyo hivyo. Ua lisilopitia kitabuni hawalioni, hata likiwakwaruza magotini. Halafu tunashangaa kwa nini mashairi yetu yananukia marashi ya dukani! Kijana wa Itigi akiandika mapenzi kwa ua linalowaka moto juu na kuficha mauti ardhini, waridi lingempa nini zaidi?

Sasa ni kiangazi. Shina limekauka, limebaki kijiti na uzio, na jirani ananiuliza ninalinda nini pale. Nimemwambia apite tena Desemba.