Elimu Iliyorushwa Kutoka Pwani Yetu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunapenda kuzungumza na wanafunzi na wazee juu ya kauli inayosikika mara kwa mara hapa Matemwe: kwamba elimu ya nyota na fizikia ni ya wageni, haimhusu mtoto wa madrasa. Sisi hatukubaliani nayo.

Tuchukue mfano mmoja. Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, katika bahari hii hii tunayovua. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zinazotoka mbinguni. Eksirei hizo hazipenyi hewa ya dunia, ndiyo maana chombo lazima kipande juu. Setilaiti ile ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilipotazama makundi makubwa ya galaksi, ilionyesha kwamba eksirei zake hazitoki kwenye nukta moja, bali zimetanda ndani ya kundi. Wataalamu wakaja kufahamu sababu: baina ya galaksi hizo imejaa gesi nyembamba mno, yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Jicho haliioni, lakini uzito wake unazidi nyota zote za kundi zikijumlishwa.

Mwaka 1974 ikarushwa kutoka pale pale setilaiti ya Uingereza, Ariel 5. Mwaka 1976 wataalamu wake wakatangaza kuona alama ya chuma katika gesi ya kundi la Perseus. Chuma huzalishwa ndani ya nyota, nazo zikiripuka hukitapanya. Ni chuma cha aina ile ile ya nanga zetu. Sisi tunaosoma Suratul Hadid, vipi tusiulize chuma kilipikwa wapi?

Wala kundi hilo halijifichi. Mwezi wa Disemba, baada ya sala ya Isha, tazameni kaskazini. Iko nyota iitwayo Algol, jina lililotokana na Kiarabu, Ra's al-Ghul. Kundi la Perseus liko jirani na nyota hiyo angani, ingawa liko mbali zaidi mno. Abdulrahman al-Sufi, Muislamu wa karne ya 10, aliandika kitabu kizima juu ya nyota. Basi elimu hii imekuwaje ya wageni?

Linalotusikitisha ni hili: pwani ilikuwa yetu na jina letu, lakini hesabu walipiga wengine. Kazi ya kisayansi iliongozwa na Riccardo Giacconi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mradi ulisimamiwa na mwanamke, Marjorie Townsend. Hatuwaonei choyo, walisoma, wakavuna.

Kwa hiyo tunawaomba wazee: mtoto akirudi chuoni, mwacheni apate na saa moja ya hesabu, wa kike sawasawa na wa kiume. Na nyinyi wanafunzi, msiache Qur-ani kwa ajili ya fizikia, wala fizikia kwa kisingizio cha Qur-ani. Aliyeziumba mbingu hakumkataza mja wake kuzitazama.

Wabillahi tawfiq.