Nondo Mnene na Shamba la Mahindi

Mwenye shamba la mahindi huko Tukuyu hana haja ya kuelezwa madhara ya viwavijeshi. Swali lake ni moja: viumbe hawa wametoka wapi, kwa wingi namna hii, na juzi hawakuwapo? Wako wasemao kuwa wameshuka na mvua. Na wako, kwa masikitiko, wamtazamao jirani kwa jicho baya. Neno la kwanza lina ukweli ndani yake. La pili halina hata chembe.

Kiwavijeshi ni mtoto wa nondo, mdudu wa usiku ambaye mabawa yake, yakikunjuliwa, hupata kama sentimita 3. Nondo hao huchukuliwa na upepo mamia ya kilomita, kisha mvua za ngurumo huwakusanya na kuwatua mahali pamoja. Jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo 1,000, naye haishi ila siku chache.

Lakini si kila jike hutaga idadi hiyo. Nguvu ya kutengenezea mayai, sehemu kubwa huichuma angali kiwavi, kwa majani anayokula. Aliyeshiba majani mabichi huwa nondo mnene, mwenye mayai tele. Aliyesongwa na wenziwe hata chakula kikamwishia, huwa nondo mdogo mwenye mayai machache. Basi jeshi likizidi mno hujipunguza lenyewe, na maradhi ya virusi nayo huwaua kwa wingi. Faraja hiyo, hata hivyo, humfikia mkulima shamba likiwa limekwisha kuliwa.

Kiwavi huishi wiki 2 hadi 3. Siku za mwanzo ni mdogo, wa kijani, wala halaji kitu cha kutajika. Karibu chakula chake chote hukila siku za mwisho. Kwa hiyo anayewangoja mpaka awaone weusi, wakivuka njia makundi kwa makundi, amechelewa.

Tushukuru kwamba hawa hula jamii ya nyasi tu: mahindi, mpunga, ulezi, malisho ya ng'ombe. Migomba, maharage, kahawa na chai ya Rungwe hawaigusi.

Yuko nduguye aliye mbaya zaidi, kiwavijeshi vamizi, mwenye asili ya bara la Amerika. Aliingia Afrika Magharibi mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Huyu hachagui sana chakula, naye hujichimbia katika moyo wa mhindi, mahali ambapo dawa ya kupuliza haimfikii vyema. Jike lake hutaga mayai 1,500 na zaidi, kwa mafungu yaliyofunikwa manyoya mepesi mfano wa pamba. Kuyatafuta hakuhitaji fedha: mama na watoto wapite shambani asubuhi, mara mbili kwa wiki, mahindi yangali machanga, wakigeuza majani na kuyaponda kwa vidole. Fungu moja lipondwalo ni viwavi 100, pengine 200.